Viatu vya safari kwa mwenye miguu inayosumbua: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nauza viatu vya kutembelea hapa Mwanza. Vingi ni raba za mtumba ninazozichagua mwenyewe moja moja, na vichache ni vipya. Kabla ya likizo ya Desemba, kabla ya Hija, na kila mwezi wa tano watu wanapojiandaa kwenda kuhiji Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, maswali yanayonifikia ni yale yale, na mengi yanafika siku moja kabla ya safari, wakati hakuna tena muda wa kusaidiana. Nimeyaweka hapa ili mtu ayasome mapema. Mimi si daktari. Ninachokijua ni viatu, na miguu niliyoishika kwa miaka mingi. Pale jambo linapokuwa la hospitali, nitasema.

Mama yuko Ukerewe. Amenitumia kijiti chenye urefu wa mguu wake. Nije nacho dukani?

Njoo nacho, lakini hakitoshi. Kijiti kinajua jambo moja tu, urefu. Hakijui kama mguu ni mpana, kama huvimba jioni, kama kidole gumba kimeanza kumlalia jirani yake. Na wanaorudi kwangu na kiatu kilichowaumiza, wengi wao urefu haukuwa na shida. Waliumizwa na upana, au na kina cha kiatu pale vidole vinapokaa.

Badala ya kijiti, mwombe aliye naye karibu amchoree unyayo kwenye karatasi. Achorwe jioni, maana mguu huongezeka kidogo kadiri siku inavyokwenda. Asimame kwenye sakafu ngumu, uzito ukiwa juu ya miguu yote miwili, amevaa soksi atakazosafiri nazo. Kalamu ishikwe wima kabisa. Ikilala kuelekea ndani, mchoro utapungua nusu sentimita, na nusu sentimita si jambo dogo: namba za Ulaya, hizi za 38, 39, 40, zinapishana kwa theluthi mbili tu za sentimita. Ichorwe miguu yote miwili, kwa sababu kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu kinanunuliwa kwa ule mkubwa. Mwisho apitishiwe uzi kuzunguka mguu pale unapopanuka zaidi, nyuma kidogo ya vidole, ukatwe pale unapokutana, utumwe pamoja na karatasi.

Karatasi ikinifikia nachomoa soli ya ndani ya kiatu na kuilaza juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu hicho kinarudi kwenye rafu hata kama rangi yake ndiyo mama aliyoitaka. Kwa mbele natafuta nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, sentimita moja au zaidi kidogo, kuanzia ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa baadhi ya watu kidole hicho ni cha pili, si gumba, na kijiti kilichopimwa kwenye gumba kinakuwa kimeshakosea hata huo urefu wenyewe.

Navaa namba 40 tangu nikiwa shule. Kwa nini sasa zinanibana?

Kwa sababu mguu haukubaki shuleni. Umri, uzito na ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia unyayo, nao hupanuka na kurefuka. Akina mama wengi huniambia namba ilipanda baada ya mtoto wa kwanza au wa pili na haikushuka tena.

Halafu namba zenyewe hazielewani. Ya Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, ya Ulaya kwa theluthi mbili za sentimita, na kila kiwanda kina umbo lake la kuundia kiatu. Ndiyo maana 40 mbili zilizotoka kwenye robota moja zinaweza kuwa moja inakupwaya na nyingine inakukaba. Kwenye ulimi wa raba nyingi pana lebo yenye namba zote. Tafuta ile ya sentimita au milimita, uilinganishe na karatasi yako.

Kisigino kinaniuma sana nikishuka kitandani, kisha kinapoa nikitembea. Nivae nini safarini?

Hili nalijibu kwa uchungu wa kulijua, kwani lilinishika mwenyewe kwa miezi minane. Hatua ya kwanza asubuhi ilikuwa kama kukanyaga kokoto yenye ncha. Nilikuwa nashinda nimesimama juu ya sementi na ndala nyembamba, nikirudi nyumbani natembea peku, nikidhani napumzisha miguu.

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda vidoleni, ndio unaoshikilia uvungu wa unyayo. Ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, unaumia pale uliposhikana na kisigino. Usiku unajikunja, asubuhi unavutwa ghafla, ndiyo maana hatua za kwanza ndizo kali. Kwa walio wengi hupona bila upasuaji, lakini hupona kwa miezi, si kwa wiki, na safari ya kutembea sana inaweza kuurudisha nyuma.

Kiatu kinachofaa kina mambo matatu. La kwanza, kisigino chake kimeinuka kidogo kuliko mbele, sentimita moja hivi, ili utando usivutwe sana. La pili, ukuta wa nyuma unaokumbatia kisigino ni mgumu: ubonyeze kwa kidole gumba, ukibonyea kama boksi la maziwa, achana nacho. La tatu, kinakunjika pale vidole vinapokunjika na si katikati. Kiatu kinachokunjika katikati kama chapati kinauachia utando kazi yote.

Sisi wa Mwanza tuna la ziada, vilima. Mtu anayepanda Bugando au anayeishi juu kule Isamilo au Mabatini, kila hatua ya kupanda inavuta kigimbi, na kigimbi kilichokaza huvuta kisigino. Kwa hiyo nyoosha vigimbi kabla ya kutoka. Simama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, shika ukuta, shusha visigino polepole, kaa hapo ukihesabu hadi 30. Jioni gandisha chupa ndogo ya maji, iviringishe chini ya unyayo kwa dakika kumi ukiwa umekaa (mwenye ganzi miguuni asifanye hili la barafu). Na usitembee peku kwenye vigae vya gesti. Weka sendo yenye soli nene karibu na kitanda, miguu iingie humo kabla haijagusa sakafu.

Nina miguu bapa. Je, nahitaji kiatu maalumu?

Kama haikuumi, hapana. Watu wengi wenye nyayo bapa wanalima, wanavua na kutembea umri wao wote bila shida. Kama inauma upande wa ndani wa kifundo, au unachoka mapema kuliko wenzako, tafuta kiatu kigumu kidogo upande wa ndani wa soli. Shika mbele na nyuma ya kiatu, kisokote kama unakamua nguo: kikijinyonga kirahisi, hakitakusaidia. Jihadhari na raba laini sana ambazo mguu unazama kama kwenye godoro. Dukani zinavutia, lakini baada ya saa mbili barabarani mguu bapa unazidi kulalia ndani.

Mwenye uvungu mkubwa sana ni kinyume chake: yeye ulaini unamfaa, kwa sababu mguu wake hauna mahali pengi pa kupokelea uzito.

Nina nundu pembeni ya kidole gumba, na vidole vya katikati vimejikunja. Kila kiatu kinanikwangua.

Hapa ndipo kijiti kinapowaangusha watu wengi. Wanaongeza namba mbili ili kupata upana, matokeo yake kisigino kinapwaya, mguu unateleza mbele kila wanaposhuka kilima, na vidole vinagonga mbele. Kinachotakiwa ni kiatu cha namba yako lakini kipana. Viwanda vichache huandika upana kwa herufi. New Balance kwa mfano huandika D kwa mguu wa kawaida wa mwanamume, 2E kwa mpana, 4E kwa mpana sana. Kwa wanawake kawaida ni B na D ndiyo pana. Dada mwenye nundu asione aibu kuvaa raba ya kiume. Mguu hausomi lebo.

Chagua raba ya kitambaa cha wavu kinachotanuka, na angalia mishono: mshono au kipande cha plastiki kisipite juu ya nundu. Kiatu cha ngozi fundi anaweza kukitanua pale pale palipo na nundu, akitumia kile kibao chenye umbo la mguu, mradi umempa siku mbili tatu. Na unapofunga kamba, ruka tundu zilizo usawa wa nundu, kamba ipite moja kwa moja bila kuvuka hapo juu. Ni jambo dogo, lakini wateja hunipigia simu kushukuru kwa hilo kuliko kwa kiatu chenyewe.

Nina kisukari. Daktari amesema nisivae ndala wala kutembea peku. Nivae nini, na kwa nini anasisitiza hivyo?

Naomba usome jibu hili lote, hata kama ni refu.

Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na hupunguza damu inayofika huko. La kwanza linaondoa maumivu, la pili linachelewesha kupona. Maumivu ndiyo mlinzi wa mguu. Mlinzi akiondoka, kiatu kinaweza kukula kutwa nzima na usijue. Mzee mmoja, mteja wangu, alitoka Kirumba hadi mjini na kurudi kwa miguu akiwa na kizibo cha soda ndani ya kiatu. Hakukihisi. Mke wake ndiye aliyeona damu kwenye soksi jioni. Kidonda kile kilimchukua miezi mingi, na alipona kwa sababu tu kiliwahiwa.

Kwa hiyo kiatu cha mwenye kisukari kwanza ni ngome. Kifunike vidole na kisigino. Kiwe na kina cha kutosha juu ya vidole, kisiwe na mshono unaojitokeza ndani, kifungwe kwa kamba au kwa ukanda wa kunata ili mguu usiteleze. Soli ya nje iwe nene kiasi kwamba msumari haupenyi kirahisi. Usitegemee kuhisi kama kinabana, kwa sababu kuhisi ndiko kulikopungua. Wenye ganzi wengi huchagua kiatu kidogo mno, maana ndicho pekee wanachokisikia mguuni. Tegemea karatasi yako. Mimi kwa mteja wa kisukari siuzi bila karatasi.

Kabla ya kuvaa, kila mara, pindua kiatu, kikung'ute, kisha ingiza mkono upapase hadi mbele. Vaa soksi nyeupe au za rangi ya mwanga, ili damu au usaha uonekane mapema. Kiatu kipya kivae nusu saa tu siku ya kwanza, vua, angalia nyayo na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama tumia kioo au mwombe mtu wa nyumbani. Sehemu iliyobadilika rangi, iliyovimba au iliyo ya moto kuliko nyingine inakuambia kiatu kinagandamiza hapo. Sugu usikate kwa wembe wala usizipake dawa za kuunguza za mtaani. Mafuta paka juu na chini ya mguu, lakini si katikati ya vidole, kwa sababu unyevu hapo huleta fangasi na ngozi kupasuka.

Safarini beba jozi mbili, ubadilishe mchana, ili hakuna sehemu moja ya mguu inayosuguliwa kutwa. Na kabla ya kuondoka pita kliniki ya kisukari unayotibiwa wakupime hisia za miguu. Ni kipimo cha dakika chache, wanagusa unyayo kwa kijiuzi cha plastiki wakati umefumba macho. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama, usisubiri kurudi nyumbani. Nenda hospitali ya pale ulipo.

Mtumba au mpya?

Kwa fedha ile ile, raba nzuri ya mtumba mara nyingi huishinda mpya ya kuigiza. Ile ya kuigiza ina nembo kubwa na soli ya povu lililokufa. Lakini mtumba una mitego, na ukienda soko la Mlango Mmoja bila kuijua utaumia.

Weka jozi juu ya meza iliyo sawa, rudi nyuma, ziangalie kwa nyuma. Zikilala upande mmoja, mwenye kwanza alikuwa anakanyaga hivyo, na wewe utalazimishwa kukanyaga hivyo hivyo. Chomoa soli ya ndani: ukikuta shimo la kidole gumba chake limechimbika, povu la chini limeshachoka pia. Raba ya kukimbilia imeundwa kwa kilomita 500 hadi 800 hivi, baada ya hapo ulaini unaisha hata kama juu inang'aa. Bonyeza soli ya kati kwa kidole pembeni, ile sehemu ya povu. Ikiwa na mikunjo mingi midogo na hairudi, imekwisha.

Mtego mbaya kuliko yote hauonekani. Kuna soli za poliyurethani ambazo huharibika zenyewe kwa kunyonya unyevu hewani, hata zikiwa zimewekwa tu stoo. Kiatu kinaonekana kipya kabisa, hakijawahi kuvaliwa, na siku ya pili ya safari soli inameguka kama keki iliyokauka. Hupatikana zaidi kwenye buti za kupandia milima na viatu vya ngozi vyenye soli nene nyepesi vilivyokaa miaka mingi. Kabla ya kulipa, kunja kiatu kwa nguvu mara kumi na ubonyeze soli kwa ukucha. Ikiacha unga au ikinata kidoleni, mrudishie muuzaji kwa heshima.

Ukishanunua, osha ndani kwa sabuni, weka soli mpya ya ndani, anika kivulini penye upepo. Jua kali la mchana na jiko hulegeza gundi. Na jozi ya safari mpelekee fundi aishone soli pembeni. Ni fedha kidogo, na inakuondolea wasiwasi njia nzima.

Katambuga je? Babu alitembea nazo hadi Shinyanga.

Soli ya tairi haiishi na mwiba hauipiti, hilo ni kweli. Lakini haikunjiki vizuri, haina ulaini, na mikanda yake inasugua. Kwa mguu mzima uliozoea, sawa. Kwa kisigino kinachouma au mguu wenye ganzi, hapana.

Nikisafiri kwa basi hadi Dar miguu inavimba mpaka kiatu hakiingii. Nifanyeje?

Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Ukikaa saa zote hizo magoti yamekunjwa, damu na maji ya mwili hushuka chini na kukaa huko, kwa sababu misuli ya vigimbi ndiyo pampu ya kuvipandisha na wewe umeizima. Iwashe. Kila nusu saa nyanyua visigino mara ishirini, kisha nyanyua vidole mara ishirini. Basi likisimama, shuka, hata kama huna haja. (Wa Sengerema na Geita tulikuwa tunanyoosha miguu tukisubiri kivuko pale Kigongo, tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 basi linapita moja kwa moja, na mapumziko yale hayapo tena. Siombei kivuko kirudi, nawakumbusha tu miguu.)

Vaa kiatu cha kamba, si cha kuchomeka, ili ulegeze kadiri mguu unavyojaa. Usivue kabisa usiku kucha, kwani asubuhi hutakirudisha. Soksi za kubana zinasaidia wengi, lakini mwenye kisukari au mwenye damu isiyofika vizuri miguuni asizivae bila kumuuliza daktari.

Uvimbe wa miguu yote miwili unaoisha baada ya kulala umeinua miguu ni wa kawaida. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukiuma kwenye kigimbi na kuwa wa moto, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukipata shida ya kupumua usingoje hata saa moja.

Nataka kwenda Saanane na kupanda mitumbwi ya visiwani. Kiatu gani kinahimili maji na mawe?

Maswali mawili hayo. Mawe kwanza. Kisiwa cha Saanane ni mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, lakini njia zake zinapita kwenye miamba ile ile inayoifanya Mwanza iitwe Jiji la Miamba. Mwamba mkavu unashika vizuri. Ukinyeshewa au ukiota utando wa kijani kando ya maji, unateleza kama sabuni. Unahitaji soli ya mpira laini yenye meno, si ya plastiki ngumu. Ipitishe ukucha: mpira unaobonyea kidogo unashika jiwe. Yeboyebo ziache nyumbani. Mwenye kifundo kinacholegea avae kiatu kinachopanda juu ya kifundo na achukue fimbo. Ile meli ya usiku ya Bukoba nayo ina ngazi za chuma, zinazohitaji soli ya namna hiyo hiyo.

Maji ni jambo jingine. Kwenye mialo mingi unalazimika kukanyaga maji ili kuufikia mtumbwi, na Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Sendo haizuii, na raba iliyojaa maji haizuii pia. Kinachozuia ni buti la mpira refu lisiloingiza maji, au kupandia kwenye gati. Ukiwa umekanyaga maji, nenda baadaye ukapime, dawa ipo na inatibu. Halafu kausha miguu, badili soksi, usiendelee na safari na kiatu kilicholowa, maana ngozi iliyolainika kwa maji huchubuka upesi. Na kwenye mchanga wa vumbi pembeni ya nyumba na mazizi, funza wapo. Kiatu cha kufunika ndiyo kinga.

Baba anakwenda Hija, magoti na nyayo zinamsumbua. Na mimi naambiwa nitembee na wenzangu hadi Namugongo. Viatu vyetu ni sawa?

Havifanani.

Mwanamume akiwa kwenye ihramu, ile hali ya Hija yenye mavazi yake maalumu, havai soksi wala kiatu kinachofunika vifundo vya miguu, kwa hiyo baba anahitaji sendo. Isiwe ndala. Atafute yenye soli nene yenye umbo la unyayo, ukanda mpana wa kurekebishwa, na mahali pa kisigino palipochimbika kidogo. Sa'i peke yake, mara saba kati ya Safa na Marwa, ni kilomita tatu na ushee juu ya marumaru, mbali na tawafu, kule kuizunguka Kaaba. Kama ana kisukari amuulize mapema kiongozi wa msafara kuhusu sendo safi za kuvalia ndani ya msikiti, na kama magoti hayavuti, viti vya magurudumu vinaruhusiwa. Jua la huko linachoma sakafu za nje, na mwenye ganzi hatajua hadi ngozi imetoka.

Wewe wa Namugongo una siku nyingi za barabara kabla ya tarehe 3 Juni. Vaa raba ya kutembelea iliyokwisha kuuzoea mguu wako, kubwa nusu namba kuliko kawaida kwa ajili ya uvimbe, na jozi ya pili ya umbo tofauti. Soksi za pamba tupu zinashika jasho na kusugua. Zilizochanganywa na nailoni au sufu nyembamba zinafaa zaidi. Ukisikia mahali pamoja mguuni panapata moto, simama pale pale, bandika plasta. Lengelenge likishatokea usilichune ngozi yake. Lifunike, na likiwa kubwa linalozuia kutembea mwachie mhudumu wa afya alitoboe kwa usafi.

Wote wawili, hakuna kiatu kipya njiani. Wiki mbili hadi tatu za kukivaa, ukianza na saa moja, ukimaliza na mwendo wa nusu siku wenye kupanda na kushuka. Kwa hilo Mwanza haina mpinzani: kipeleke Bugando na urudi nacho. Kikikuacha salama kwenye mteremko, barabara ya tambarare haitakushinda.

Soli za ndani za dukani zinasaidia, au lazima nitengenezewe?

Kwa kisigino na uchovu wa kawaida jaribu kwanza za dukani, zile zilizo ngumu chini ya uvungu, si jeli laini tupu. Zijaribu ndani ya kiatu chenyewe, maana zinakula kina, na kiatu kilichokuwa kinatosha kinaweza kukaba vidole. Kwa mguu ulioharibika umbo, uliopooza, au wenye kidonda kilichowahi kupona, unahitaji soli ya kutengenezewa. Daktari wa hospitali ya Bugando au wa hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ndiye anayeweza kukuelekeza kwa wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Nchini kwetu wamekuwa wakifundishwa Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilicho hospitali ya KCMC, tangu 1981. Hawa wanapima mguu wako na kuunda soli inayoufuata. Mimi siwezi kufanya hivyo, na fundi yeyote sokoni anayekuambia anaweza, kaa naye mbali.

Nikinunua kikanikataa, unakirudisha?

Ndiyo, kama soli haijagusa barabara. Kivae ndani, juu ya mkeka au sakafu safi, nusu saa kila jioni kwa siku tatu, ukiwa na soksi za safari. Kikikubana mahali, weka alama kwa chaki upande wa nje pale panapouma, ukirudishe kikiwa na alama hiyo pamoja na karatasi yako ya unyayo. Mara nyingi hatubadili kiatu, tunabadili namna kamba zilivyopita. Wa Ukerewe, Sengerema na Magu tunawapa wiki nzima, kwa sababu ya umbali.